Kalamu ya Kijani ya Falia

Siku za soko la mtaa wanawake wote wa Elefsina hutembea na vigari vya magurudumu mawili, na Evanthia naye alikuwa na chake. Tofauti ni kwamba wenzake walikuwa wakirudi na kabichi na machungwa, yeye alikuwa akitoka na vitabu. Kaviandika mwenyewe, kavichapisha mwenyewe, na sasa anavibeba mwenyewe: leo duka la madaftari, kesho shule ya sekondari, keshokutwa meza ya kukunja kando ya muuza zeituni. Mtu asiyemjua angedhani anauza sabuni.

"Evanthia, leo umebeba miungu wangapi humo?" Zoitsa alimtania, kasimama mlangoni pa saluni yake na kikombe cha kahawa mkononi.

"Wanne na nusu. Hiyo nusu ni mumeo. Juu mtu, chini mbuzi."

Zoitsa alicheka mpaka kahawa ikammwagikia aproni. Walikuwa mashoga tangu darasa la kwanza, na mashoga wa namna hiyo hutukanana kwa raha zao. Lakini Zoitsa ana mdomo usio na komeo. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana mdomo huo utatajwa tena hapa, na siku hiyo hakutakuwa na wa kucheka.

Mkate wake Evanthia aliupata kwenye magofu. Miaka ishirini na mbili alikuwa mlinzi pale penye mahekalu yaliyovunjika, kibanda chake kidogo, filimbi shingoni, akiwapulizia watalii wanaopanda juu ya mawe ili wapigwe picha. Kiangazi watu hawahesabiki na jua linachoma utosi. Majira ya baridi hakuna anayekuja ila wanafunzi, mabasi mawili matatu kwa wiki, tena kwa kulazimishwa. Mwalimu anawasomea tarehe, wao wanatafuna bigijii na kusoma simu. Siku moja Evanthia uvumilivu ulimwisha. Akapuliza filimbi hadi njiwa wakaruka, akasema, "Mfalme mmoja alimwambia binti yake, vaa vizuri, nakupeleka ukaolewe. Kumbe anampeleka akachinjwe, apate upepo wa kusukuma meli zake za vita. Mnataka kujua binti alisema nini alipokiona kisu, au niwaache na simu zenu?"

Simu zilishuka zote.

Basi hivyo ndivyo alivyoanza uandishi, na ndivyo alivyoendelea nao. Kila hadithi aliijaribu kwa watoto wa mabasi. Wakipiga miayo, akirudi kibandani anaikata ile sehemu bila huruma. Wakiuliza "ikawaje?", anaiandika. Nje ya nyumba yake hakuwa na mhariri mwingine. Jumba moja la uchapishaji la Athene liliwahi kumrudishia mswada na barua ya mistari mitatu: miungu hawasemi hivyo, na vijana siku hizi hawasomi. "Wakafie mbali," alisema Evanthia, akaukunja mswada na kuupeleka kwa Prodromos, mchapaji wa barabara ya bandarini, ambaye kazi yake ya kila siku ni kadi za harusi na yale matangazo ya misiba tunayobandika kwenye nguzo za umeme. Prodromos alivaa miwani, akasoma kurasa kumi amesimama, akatafuta kiti. Hapo Evanthia akajua kwamba amepata mtu.

Vitabu vinne vilitoka kwenye mashine ile. Lakini hadithi moja hakuigusa, na ndiyo hiyo kila mtu aliyokuwa akimdai, maana ni ya kwetu. Pale pale magofuni, hatua chache kutoka kwenye kibanda chake, kuna kisima ambapo Dimitra, mama wa nafaka zote, alikaa chini akamlilia binti yake Persefoni, aliyechukuliwa na mfalme wa wafu akapelekwa chini ya ardhi. Mama alikasirika, akaizuia mbegu isiote, dunia ikashikwa na njaa mpaka binti akarudishwa. Ila binti alikuwa ameshakula punje za komamanga kule chini, na aliyekula kule hana budi kurudi. Ndiyo maana nusu ya mwaka ni baridi.

"Bi Evanthia, na hii ya hapa utaiandika lini?" watoto walimuuliza.

"Hiyo imechacha," aliwajibu. "Kila mtu anaijua."

Muongo. Hakuiandika kwa sababu ya Falia.

Jina lake kamili ni Garifalia, mtoto pekee, na tangu baba yake Stavros afe alikuwa pia mume, dada na rafiki wa mama yake. Walikuwa chanda na pete. Falia ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza kabla ya basi lolote. Alikuwa akijilaza kitandani na karatasi za mama yake na kalamu ya kijani, na kila mahali ambapo msichana wa hadithini alisema maneno ambayo hakuna msichana duniani angeyasema, aliandika pembeni kwa herufi kubwa: UONGO! "Mama, huyu ana miaka kumi na sita," alikuwa akipiga kelele toka chumbani. "Kafungiwa na nyoka, halafu anasema 'ole wangu'? Nani anasema 'ole wangu'?" "Mimi nasema." "Wewe ni mzee!" Mama akirusha kandambili, binti akicheka, na sentensi inakatwa.

Alipofika miaka kumi na tisa, mwaka wa pili chuoni, Falia akampenda Manthos. Thelathini na tatu, kaacha mke, kazi yake kulima nyanya kwenye majumba ya vioo huko Uholanzi, likizo tu ndiyo iliyomleta Elefsina. Falia akasema anaacha chuo, anakwenda naye.

Hilo lilitokea siku gani? Ijumaa, mkesha wa Jumamosi ya Roho. Siku hiyo kila nyumba yenye marehemu inachemsha ngano, inaichanganya na zabibu kavu, lozi na punje za komamanga, inaifunika sukari nyeupe, na asubuhi inaipeleka kanisani. Kolyva, chakula cha wafu. Evanthia alikuwa jikoni akiichuja ngano ya Stavros, mikono imejaa mvuke, binti anamwambia mambo ya Uholanzi.

"Utakwenda kuchuma nyanya? Baba yako alikufa kwenye tanuru la chuma ili wewe uchume nyanya?"

"Baba angenipa mkono wa kwaheri."

"Usimtaje baba yako na domo hilo! Ukitoka mlango huo na mwanamume yule, mimi sina mtoto. Umenisikia? Nimezika mmoja, nitazika wawili."

"Nizike basi," alisema Falia. Akachukua begi. Akatoka.

Hasira hasara, tunasema kila siku, na kila siku tunakasirika. Usiku ule Evanthia hakulala, na asubuhi alifika kanisani macho mekundu, sinia mikononi. Kwetu kila familia ina kijitabu chake cha majina ambacho padri anakitunza madhabahuni na kuwarudishia wenyewe siku hiyo. Kina kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja walio hai, waombewe afya, upande wa pili marehemu, waombewe pumziko. Kwenye benchi ya mishumaa, kabla ya kumkabidhi padri, wanawake huviongezea majina ya waliokufa mwaka ule. Evanthia alikifungua chake. Akamwona Stavros kule. Akamwona Falia huku. Akachukua kalamu, akamkata Falia upande wa walio hai, akamwandika chini ya baba yake. Garifalia.

Padri Anestis ana macho mabovu na moyo mzuri. Anasoma kilichoandikwa, hana muda wa kuuliza, majina ni mamia. Akasoma: "Stavros. Garifalia." Kanisa zima likageuka. Elefsina si Athene bwana, tunajuana hadi viatu.

Zoitsa alimpigia Falia simu kabla hata ngano haijagawiwa. Alikuwa na nia njema, ndivyo anavyoapa hadi leo: alidhani mtoto akisikia atashtuka, atarudi mbio kumwangukia mama. Falia alikuwa uwanja wa ndege. Hakurudi. Alimtumia mama yake ujumbe mmoja tu: "Nimesikia mmenizika. Kolyva yangu mle yote, msiache."

Miaka sita, kimya.

Unadhani mama hakujuta? Alijuta kabla mishumaa haijaisha. Lakini kuna majuto ya kusema na majuto ya kumeza, na Evanthia alikuwa mmezaji. Aanze yeye, alijiambia. Mtoto ndiye anayeanza. Kila mwaka Jumamosi ile ilirudi, padri alisoma, "Stavros. Garifalia," na kila mwaka, jina la mumewe likitajwa tu, Evanthia alitoka uani akasimama chini ya kengele mpaka lile la pili lipite. Jina la marehemu halifutwi bila padri, na kulifuta kulihitaji kumwambia mbele ya foleni ya wanawake: nilikosea. Neno moja hilo lilimshinda. Mwanamke aliyewaandikia mashujaa hotuba!

Aliyemfungua ni msichana wa basi, wa miaka kumi na minne hivi, mwenye vyuma menoni. Siku hiyo mwalimu wao ndiye aliyesimulia habari za kisimani: mama alilia, mama alikasirika, mama aliifunga dunia, mama alishinda. Yule msichana akainua mkono.

"Na Persefoni je? Kuna mtu alimuuliza anataka nini?"

"Alikuwa ametekwa," alisema mwalimu.

"Sawa. Lakini aliporudi? Mama yake alimuuliza, au aliendelea tu kulia?"

Evanthia alikuwa kibandani, kasikia kila neno. Alifunga dirisha. Alilia mpaka mtalii mmoja akagonga kioo kuuliza kama anaumwa.

Kuanzia hapo aliiandika. Aliandika miezi kumi, na safari hii hakuwajaribia watoto, maana alimjua msomaji wake. Binti ndiye aliyesimulia. Binti alizila punje za komamanga kwa hiari yake, kwa njaa na kwa ukaidi. Na mama, yule mama ambaye miaka elfu tatu tumemhurumia, kwenye kitabu cha Evanthia alikuwa na kosa. Aliinyima dunia mkate kwa sababu hakujua kusema samahani. Prodromos alipomaliza kusoma alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Chapa kazi, Prodromos."

"Nachapa. Nasema tu."

Nakala ya kwanza haikwenda dukani. Evanthia aliifunga kwenye bahasha bila barua, akatia ndani kalamu moja ya kijani, mpya, akaipeleka posta. Anwani aliipata kwa Zoitsa. Bila shaka Zoitsa alikuwa nayo, Zoitsa ana anwani za dunia nzima.

Wiki tatu. Halafu, Januari, mchana, simu ikalia kibandani.

"Ukurasa wa tisini na nne," ilisema sauti. Hakuna hodi, hakuna hujambo. "Hakuna msichana anayesema hivyo."

Evanthia alikaa chini. Bahati kiti kilikuwepo.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema 'nimekusamehe, mama.' Papo hapo, kwenye ngazi, hata koti hajavua. Uongo, mama. Kwanza atasema ana njaa. Atazunguka jikoni. Atafungua friji. Hayo mengine yatakuja baadaye, akiwa anakula."

"Una njaa?"

Falia akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na mama naye huku analia, mtalii pekee wa Januari ile anangoja tiketi, Evanthia anampungia mkono apite bure. Walizungumza saa nzima. Uzinduzi wa kitabu ulikuwa umepangwa Jumamosi moja ya Aprili, kwenye ukumbi wa kiwanda cha zamani, na Falia akasema atakuja. Na Manthos. "Na huyo Manthos," alisema Evanthia, akameza, "aje tu. Ale."

"Ila kitu kimoja, mama. Nenda kwa Padri Anestis ulifute jina langu. Nenda kesho."

"Tutakwenda wote."

"Mama."

"Nisikilize. Utakuja, tutaingia kanisani mimi na wewe tumeshikana mikono, mbele ya wote waliosikia siku ile, kalamu utashika wewe, tutalifuta pamoja. Wakome! Wakuone mzima!"

"Wewe na miisho yako mizuri," alisema Falia. "Hiki si kitabu. Nenda kesho."

"Pamoja ni bora, mwanangu."

Falia alivuta pumzi. "Haya. Kalamu nitakuja nayo. Lakini angalau mwaka huu lisisomwe. Mwambie padri aliruke. Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Ahadi ni deni. Na Evanthia alikusudia kulilipa, namtetea kwa hilo. Jumamosi ya Roho alifika mapema kusudi amwambie padri pembeni. Lakini foleni ya benchi ya mishumaa ilikuwa imeshafika mlangoni, padri alikuwa madhabahuni, msaidizi wake anapokea vijitabu harakaharaka, nyuma ya Evanthia kasimama Zoitsa, nyuma ya Zoitsa mtaa mzima na masinia yao. "Naomba..." alianza Evanthia. "Nini, mama? Sema, watu wanangoja," alisema msaidizi. Masikio yote yakasimama. Na yeye akafikiria Aprili, akafikiria wanavyoingia wameshikana mikono, akaona kwamba akisema sasa ataiharibu ile siku. "Hakuna kitu," alisema. Akatoa kijitabu. Jina la Stavros liliposomwa alitoka uani kama kawaida yake, akasimama chini ya kengele, na Mungu amsamehe, alitabasamu. Mara ya mwisho hii, alijiambia.

Falia alifariki Machi, Jumanne asubuhi, katikati ya mistari ya nyanya. Mshipa wa kichwani. Alisema kichwa kinamgonga, akakaa juu ya kreti lililofudikizwa, na Manthos aliporudi na maji alikuwa ameshaondoka. Miaka ishirini na mitano.

Sitakusimulia jinsi Evanthia alivyopokea simu ile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami sina ujuzi huo, na nashukuru. Nitakwambia tu kwamba Prodromos alilipanga tangazo la msiba kwa mkono wake, kwenye mashine ile ile, na alipofika kwenye jina alikosea mara tatu, mchapaji wa miaka arobaini. Alilibandika mwenyewe pia, nguzo kwa nguzo, kuanzia kituo cha basi mpaka bandarini. Kwenye nguzo mbili lilibidi liwe juu ya tangazo la uzinduzi wa kitabu.

Na watu, je? Watu walifanya kazi yao. Liandikwalo ndilo liwalo, walinong'ona wanawake makaburini, siku jeneza lilipofika kutoka Uholanzi. Kamwandika mwenyewe. Kwa mkono wake. Zoitsa, yule yule mwenye mdomo usio na komeo, aliwageukia. "Anayetaka kusema kitu aje aniambie mimi hapa," alisema. "Mimi ndiye niliyepiga simu." Lakini Evanthia alikuwa ameshasikia.

Alimwuliza Padri Anestis pale pale, udongo bado mbichi. "Baba, ni mimi niliyemwua?"

"Mungu hapokei amri kwa kalamu ya mtu mwenye hasira," alisema mzee.

"Ulimsomea pumziko mwaka wa saba huu. Hukuchoka?"

Padri alimshika bega, akalia naye.

Baada ya mazishi kuna kahawa chungu isiyo na sukari, na konyagi, na vikate vikavu. Manthos alikuja na begi la Falia, akasimama mlangoni pa nyumba ambayo hakuwahi kukaribishwa. Evanthia alimtazama. Miaka sita alikuwa amemwandalia mtu huyu maneno. Akaona mwanamume aliyenyauka, shati limefungwa vifungo kombo.

"Umekula?" alimwuliza.

"Hapana, mama."

"Ingia."

Alikula mkate na zeituni, kainamisha kichwa. Halafu akaanza kusema bila kuulizwa.

"Kila mwaka alikuwa anapika ile ngano. Jumamosi yenyewe. Kule hakuna anayejua ni kitu gani, alikuwa anaagiza komamanga duka la Waturuki. Anaipika vizuri, na sukari juu, halafu anakaa anakula sahani nzima peke yake, anacheka. 'Leo siku yangu,' anasema. 'Leo wananisoma.' Mimi sikupenda. Nilimwambia aache."

Evanthia alishika ukingo wa meza.

"Mwaka huu hakupika," alisema Manthos. "Nilikuja na komamanga kutoka dukani, akalirudisha. Aliniambia, 'Mwaka huu hawanisomi. Mama ameniahidi. Mwaka huu mimi ni mzima.' Alifurahi sana siku ile. Alivaa gauni."

Hapo ndipo Evanthia alipopiga yowe. Kule makaburini hakupaza sauti, mtaa wote ulimwona. Yowe hilo lilisikika hadi saluni kwa Zoitsa, naye akaja mbio na mkasi mkononi. Manthos hakuelewa amesema nini. Na Evanthia hakumwambia. Angemwambiaje? Amwache angalau mmoja aamini kwamba lile jina halikusomwa.

Ndani ya begi, kati ya nguo, kulikuwa na kitabu. Kila ukurasa una kijani. UONGO kumi na saba, aliyahesabu, na mahali pamoja tu, pale ambapo mama wa hadithini anakaa kisimani na kujisemea kwamba ni yeye aliyekosea, Falia alikuwa ameandika: Hii kweli. Kalamu ilikuwa imechomekwa hapo hapo.

Uzinduzi haukufanyika. Maboksi yalibaki ukumbini hadi Prodromos alipoyafuata. Walimu walipiga simu kuuliza kitabu, Evanthia akasema hakipo. Kazini alirudi, filimbi shingoni, lakini hakuipuliza. Watu walipanda mawe walivyotaka.

Kuna Jumamosi nyingine ya Roho mwanzoni mwa kiangazi, kabla ya Pentekoste. Evanthia alichemsha ngano ya wawili. Aliiosha, akaikausha juu ya kitambaa, akalimenya komamanga la mwisho lililohifadhiwa barafuni, punje kwa punje. Alifika kanisani katikati ya msongamano, kusudi, foleni ikiwa ndefu kuliko zote, akasimama kwenye benchi ya mishumaa.

Padri Anestis mwenyewe alitoka madhabahuni alipomwona. Alikuja na kijitabu mkononi. "Njoo, mwanangu, tumwandike marehemu," alisema kwa upole, akakifungua, akakileta karibu na macho yake mabovu. Uso ukambadilika. Nadhani mzee alikuwa amesahau.

"Evanthia," alinong'ona. "Ameshaandikwa."

"Najua, Baba. Nimekuja kumfuta."

"Kumfuta? Lakini sasa..."

"Aliniomba nimfute," alisema Evanthia, si kwa kunong'ona. Foleni yote ilisikia hadi mlangoni. "Nilimwandika akiwa hai. Nilikosea. Aliniomba nimfute na sikumfuta. Niliwaonea aibu ninyi. Nipe hapa."

Akatoa kalamu ya kijani. Akamkata Garifalia chini ya Stavros, mstari mmoja, polepole, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha akaacha kalamu hewani. Kwa muda mfupi Falia hakuwa upande wa wafu. Hakuna aliyemharakisha. Zoitsa nyuma yake alikuwa akilia kwa sauti, sinia limemwegemea kifuani, sukari imemjaa nguoni.

Halafu Evanthia akainama, akamwandika upya, kwa ule mwandiko mzuri anaoutumia kuwatilia watoto saini vitabuni.

"Sasa msome," alimwambia padri.

Padri akasoma. Stavros. Garifalia. Evanthia safari hii hakutoka uani.